Mfinyanzi na Kipimo cha Moto

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi na ngano za wazee. Ni nadra kukumbuka kwamba utamaduni ni pamoja na ujuzi wa kupima: kupima ardhi, kupima majira, na hata kupima joto la moto. Jambo hili la mwisho tulifundishwa Maneromango, katika Wilaya ya Kisarawe, na ukweli ni kwamba tulifundishwa baada ya kuaibika.

Wakati huo tulikuwa walimu wa sayansi. Tuliazimia wanafunzi wetu wajifunze ufinyanzi, kwani kazi hiyo si ngeni katika mwambao huu. Vigae vilivyochimbuliwa na wanaakiolojia vyathibitisha kwamba watu walikuwa wakichoma vyungu hapa karibu miaka elfu mbili iliyopita. Tulichimba udongo bondeni, tukautoa mawe na mizizi, tukauponda na kuuchanganya na mchanga na vigae vilivyotwangwa. Tukafinyanga mitungi, vyungu na makaango, tukavianika kivulini kwa siku kumi. Bibi mmoja mfinyanzi, ambaye alikuwa akichoma vyungu uani kwake tangu sisi hatujazaliwa, alitushauri tungoje jioni ndipo tuwashe moto. Hatukungoja. Ratiba ya masomo ilisema saa sita mchana.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza tutie kipimajoto cha maabara motoni ili tujue joto limefika wapi. Ilitubidi tumweleze kwamba kipimajoto chetu kiliishia nyuzi 110 za Sentigredi, na kwamba zebaki yenyewe huchemka ifikapo nyuzi 357. Akauliza, "Sasa tutajuaje kwamba vyungu vimeiva?" Hatukuwa na jibu. Kabla hatujapata la kusema, mtungi wa kwanza ulipasuka kwa kishindo, ukafuatwa na wa pili na wa tatu. Vilivyobaki vilikuwa vyeusi, kisha vikaanza kuwa vya kahawia. Tukaridhika, tukaviepua, na kila mtoto akaenda kwao na chombo chake.

Baada ya siku mbili mwanafunzi yule yule alirudi na mtungi wake ndani ya karai. Haukuwa mtungi tena. Mama yake alikuwa ameutia maji ya kunywa jioni, na asubuhi akakuta tope sakafuni.

Tulikwenda kwa bibi na karai lile. Tulimwamkia, akaitikia, akachungulia ndani, akasema, "Wanangu, udongo huu haujauona moto. Umeuona moshi tu." Kisha akatukaribisha jioni ya Jumamosi, siku aliyokuwa akichoma vyungu vyake mwenyewe.

Yale tuliyoyaona jioni ile tungependa kuyaeleza kwa utaratibu. Kwanza alivipanga vyungu, midomo ikielekea chini, kuzunguka moto mdogo, akawa akivigeuza polepole. Mara kwa mara alichukua unyasi mkavu na kuugusisha kwenye bega la chungu. Maadamu unyasi haukubadilika, aliendelea kungoja. Ulipogeuka rangi na kuanza kufuka moshi, alijua kwamba maji yote yaliyojificha ndani ya udongo yamekwisha toka. Hapo tukafahamu sababu ya vile vishindo vyetu: maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na mvuke ukikosa njia huupasua udongo.

Ndipo alipoliandaa joko lenyewe. Alitandika kuni za mkorosho, akaviweka vyungu juu yake, akavifunika kwa magome, makuti na vigae vikubwa ili upepo usiviguse. Akawasha moto jua likizama. Vyungu vilitanda masizi hadi vikawa vyeusi tititi. Sisi siku yetu tuliishia hapo, au mbele kidogo tu. Yeye aliendelea kuchochea mpaka masizi yenyewe yakaungua na chungu kikatakata. Wakati huo giza lilikuwa limeingia, na kupitia nafasi za vigae tukaona vyungu vinang'aa vyenyewe, kwanza kwa wekundu hafifu, halafu kwa rangi ya bibo lililoiva. "Sasa," akasema. "Mchana usingeiona rangi hii. Jua huificha."

Vitabu vyetu vya sayansi vinakubaliana naye. Kitu chochote kinachopashwa moto huanza kung'aa kwa wekundu unaoonekana gizani kinapofika nyuzi 525 hivi, na wekundu wa bibo ni nyuzi 700 na kuzidi. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi udongo hupoteza maji yaliyofungamana na asili yake, na tangu hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Kwa hiyo rangi ile aliyoingojea ndiyo mpaka baina ya mtungi na karai letu la aibu. Aliviacha vyungu vipoe majivuni usiku kucha. Asubuhi alikigonga kila kimoja kwa kidole: chenye mlio wa kengele alikiweka upande huu, chenye mlio mzito alikiweka upande ule.

Wala asidhani mtu kwamba njia hii ni ya washamba peke yao. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, mwaka 1782, alipima joto la tanuri zake kwa kuangalia vipande vya udongo vilivyosinyaa. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Seger alitengeneza pia za udongo ambazo huinama joto likifikia kiwango fulani, na hata leo wafinyanzi wa dunia nzima hutumia pia za namna hiyo. Wote hao waliuliza udongo wenyewe, kama bibi alivyouliza.

Hatusemi kwamba jicho linatosha kwa kila kazi. Udongo mweupe wa kaolini unaopatikana katika vilima vya Pugu, wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe, ukitumiwa kutengeneza sahani za kaure huhitaji joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Moto wa uani, usio na kuta, ni vigumu kupita nyuzi 900. Kwa kazi hiyo hapana budi kuwa na tanuri na ala. Lakini atakayejenga tanuri hilo atafaidika akianza na yale yanayojulikana tayari.

Tuna jambo moja la kukiri. Mwisho wa muhula tuliandika ripoti ya mradi. Tulisema kwamba jaribio la kwanza lilishindwa kwa ukosefu wa vifaa, na kwamba la pili lilifaulu kwa msaada wa "mzee mmoja wa kijiji". Hatukuandika habari za unyasi, wala masizi, wala rangi ya bibo, wala mlio. Tulidhani kwamba hayo si vipimo kwa sababu hayakuwa na tarakimu. Siku hizi sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vyungu katika nyumba nyingi, na bibi yule hayupo tena. Ripoti yetu haikumfaa mtu yeyote.

Walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi, mkimkuta mfinyanzi uani kwake, ketini naye mpaka giza liingie, mkiwa na daftari. Mwulizeni anaangalia nini, kisha andikeni jibu lake kama alivyolisema. Tarakimu mtaziweka pembeni baadaye.