Papa Wemba alibadili vyombo, sauti ya mama yake ikabaki

Kalunguta, kwenye barabara ya Butembo kuelekea Beni. Jioni mvua ikishakatika, mbele ya nyumba nyingi husikika simu au redio ndogo. Mara nyingi wenyeji na wahami wanakaa chini ya paa moja, maana familia nyingi zilizokimbia mauaji katika eneo la Beni tangu mwaka 2014 zilipokelewa na ndugu, na marafiki, hata na watu wasiowajua. Muziki ukianza, ubishi nao unaanza. Wazee wanataka rumba ya magita. Vijana wanataka muziki wa kompyuta. Mzee anasema hizo ni kelele za mashine tu. Kijana anajibu kwamba wakati wa mzee umepita.

Ubishi huo si wa leo. Wapenzi wa muziki wa Congo waliwahi kubishana hivyo hivyo juu ya mtu ambaye sasa wazee ndio wa kwanza kumlilia: Papa Wemba.

Jina lake kamili ni Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, Sankuru, akakulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke anayeitwa kwenye matanga ili aimbe na kuwaliza watu. Mtoto alimfuata huko, akatega sikio. Baadaye, alipokuwa mwimbaji maarufu, alimtaja mama huyo kuwa mwalimu wake wa kwanza. Ile sauti nyembamba inayopanda juu, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, ilianzia msibani.

Mwaka 1969 alikuwa pamoja na vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa. Kundi hilo liliacha tarumbeta na saksofoni za orkestra za zamani, likayapa magita na ngoma nafasi yote. Kwa hiyo hata ile rumba ambayo wazee wa leo wanaitetea ilikuwa muziki wa vijana, na ilianza kwa kutupa vyombo vya wakubwa wao. Mwaka 1977 Papa Wemba akaunda kundi lake, Viva la Musica.

Kisha akaenda Ulaya. Mwaka 1988 ilitoka albamu aliyoitengeneza na Mfaransa Martin Meissonnier. Mwaka 1992 ikafuata Le Voyageur, chini ya Real World, kampuni ya mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel. Mwaka 1995 ikaja Emotion, na hapo mtayarishaji alikuwa Stephen Hague, mtu aliyefanya kazi na Pet Shop Boys na New Order, makundi ya pop ya Uingereza yanayojulikana kwa vinanda vya umeme na ngoma za mashine.

Aliyezoea Viva la Musica aliona tofauti mara moja. Katika muziki wetu wimbo huanza polepole, maneno yakasikika vizuri, halafu magita yanaingia kwenye sebene, watu wanasimama na kucheza kwa dakika nyingi. Katika Emotion nyimbo ni fupi, zimepimwa kwa radio za Ulaya. Vinanda vya umeme vimekaa mahali pa magita, na sebene ndefu haipo. Ndiyo maana mashabiki wengi wa nyumbani waliuliza: huyu anamwimbia nani sasa?

Swali hilo lilikuwa la haki. Sebene si mapambo. Ni sehemu ya wimbo ambamo asiyejua kuimba naye anapata nafasi yake. Ukiikata, msikilizaji anabaki amekaa.

Lakini Papa Wemba hakufunga nyumba ya kwanza alipojenga ya pili. Viva la Musica iliendelea. Mwaka 1996, mwaka mmoja tu baada ya Emotion, alitoa Wake Up pamoja na Koffi Olomidé, na hapo Mkongomani hakuwa na haja ya kueleza muziki ule ni wa nani. Mwaka 1998 akatoa Molokai, tena na Real World, akizirudia baadhi ya nyimbo zake za zamani. Na katika albamu zote hizo, za mashine na za magita, sauti ni ile ile ya msibani.

Hapo mzee na kijana wa Kalunguta wote wana la kujifunza.

Mzee akumbuke kwamba anayekimbia usiku habebi ngoma wala gita. Anabeba mtoto, godoro akiweza, na simu. Orkestra ya watu kumi na watano inahitaji chakula, usafiri na mahali pa kufanyia mazoezi. Kompyuta moja katika chumba kidogo inatosha kumrekodi kijana asiye na kitu. Kumkataza mashine ni kumwambia anyamaze.

Kijana naye ajue kwamba mdundo wa kompyuta anaouchukua, watu elfu wengine wanao. Innoss'B, mtoto wa Goma, alijulikana mbali mwaka 2019 kwa Yo Pe, wimbo wa midundo ya kisasa, akaurudia na Diamond Platnumz wa Tanzania. Lakini kabla ya hapo alishaimba miaka mingi na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Mashine ilimkuta tayari ana sauti.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafariki. Wachezaji waliokuwa mbele yake waliendelea kucheza kidogo, kwa sababu vyombo vilikuwa bado vinalia. Walipogeuka ndipo walipomwona chini.

Katika nyumba nyingi hapa yupo bibi anayejua nyimbo za Kinande za kulilia wafu, na miaka hii amezilia mara nyingi kuliko alivyotaka. Kijana mwenye simu asingoje studio. Aketi karibu naye leo jioni, amwombe ruhusa, abonyeze kitufe cha kurekodi. Mdundo atautafuta kesho.