Neno Kangomba Lilipokwenda London

Usiku mmoja wa 2007 nilikaa mezani na kamusi mbili, nikitafuta namna ya kulisema neno kangomba kwa Kiingereza. Makala yangu ilikuwa imetoka katika gazeti la Kiswahili hapa Dar es Salaam, ukurasa wa kumi na moja, nami nilitaka kuipeleka London ishindanie tuzo za uandishi wa habari za biashara barani Afrika, zile zilizoanzishwa na kampuni ya vinywaji ya Diageo mwaka 2004. Ili majaji wa kule waielewe, ilibidi niitafsiri.

Newala, Tandahimba au Masasi huhitaji kumweleza mtu kangomba ni nini. Ni mwezi wa pili, mkulima hana kitu, mtoto karudishwa kutoka shule, na fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho haijulikani itatoka wapi. Anakuja mtu na noti mkononi. Wanapatana kwa bakuli, si kwa mizani, na korosho zitatolewa msimu ukifika, wakati bei imeshapanda na mwenye shamba hana tena neno juu yake. Nikaandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya ununuzi usio rasmi kabla ya mavuno. Nikayasoma tena. Bakuli lilikuwa limetoweka, na mtoto naye hayumo.

Sikushinda, na ile makala haikustahili kushinda. Lakini usiku ule ndipo nilipoanza kujiuliza habari nzuri ya uchumi huandikwa kwa ajili ya nani.

Nilikuwa nimeingia chumba cha habari mwaka 1996. Ukurasa wa biashara siku zile ulikuwa viwango vya kubadilisha fedha, waziri kafungua semina, na mwekezaji kapokewa uwanja wa ndege. Haikuwa uvivu peke yake. Tangu Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi zilikuwa mikononi mwa dola, na sheria iliyofungua mlango kwa benki binafsi ilikuja 1991 tu. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika mizania ya kampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, likiwa na kampuni moja, TOL, niliandika hotuba zote kwa ukamilifu na sikuuliza kampuni yenyewe inapata faida kiasi gani. Halafu kulikuwa na mshiko. Mkutano na waandishi ukiisha, unasaini karatasi, unapewa bahasha, na habari ya kesho yake inakuwa na harufu ya ile bahasha. Wengi waliipokea kwa sababu mshahara ulichelewa. Nami niliipokea.

Aliyenifungua macho alikuwa mhasibu mstaafu, jirani yetu Magomeni. Jioni moja alinikuta barazani na kitabu cha hesabu za benki fulani, nikinakili maneno ya mwenyekiti.

“Mwanangu, anza nyuma,” akaniambia.

Akageuza kurasa hadi kwenye maelezo ya hesabu, yale ya herufi ndogo ambayo hakuna mwandishi aliyeyagusa. Akaweka kidole kwenye mstari wa mikopo isiyolipika, kidole chenye ukucha uliokatwa sawasawa kama cha mtu aliyeishi na makaratasi. “Mwenyekiti anaandika mbele. Mkaguzi anaandika nyuma.” Tulikaa na mstari huo mmoja hadi adhana ya isha. Nilipoandika nilichokiona, habari ile iliondolewa usiku, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa imenunua ukurasa mzima wa tangazo wiki hiyohiyo. Kitabu bado ninacho.

Kwa hiyo tuzo za nje zilipoanza kusikika, tulizipenda kwa sababu ya haki. Zile za CNN kwa waandishi wa Afrika zilikuwapo tangu 1995, na tuzo yao ya picha ilibeba jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzia kazi yake hapahapa Dar es Salaam. Humo kulikuwa na nafasi ya habari za uchumi, na hatimaye nafasi ya kazi za Kifaransa na za Kireno. Kiswahili hakikuwa na fungu lake. Tuzo za London zilitaka dunia ilione bara hili kama mahali pa biashara, si pa vita na njaa tu. Ilikuwa nia njema na yenye sababu. Mei 2000 jarida la The Economist lilikuwa limeliita bara hili lisilo na matumaini; Desemba 2011 jarida hilohilo likatangaza kwamba Afrika inainuka. Tuzo zile zilizaliwa kati ya majalada hayo mawili, na ndani ya miaka hiyo niliona wenzangu wakijifunza kutafuta nyaraka na kumpigia simu mtu wa pili na wa tatu, maana jaji wa mbali hamjui waziri wako na hatishwi na cheo chake. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini mwandishi anayetakiwa kubadilisha sura ya bara huanza kuchagua sura, na habari za minara ya simu na barabara mpya zilipata nafasi mbele ya habari ya bakuli.

Mabadiliko niliyoyaishi kwa karibu yalikuja na EJAT, Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, ambazo Baraza la Habari lilizianzisha pamoja na wadau wengine 2009. Kiswahili kikaingia kwa mlango wa mbele. Fungu la uchumi, biashara na fedha likawa na majaji wanaojua debe ni nini. Kufikia wakati huo nilikuwa mhariri, na niliiona tofauti kwenye mambo madogo: mhasibu wa gazeti, ambaye zamani alikuwa akicheka ukimwomba nauli ya basi hadi Mtwara, sasa alikuwa akiuliza tu unarudi lini. Zilikuja pia makala zilizoandikwa kwa ajili ya tuzo, ndefu, zenye wataalamu wanne na hakuna hata mnunuzi mmoja. Nilizirudisha.

Kisha ukaja msimu wa 2018. Septemba, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazokinzana na zile rasmi. Kifungu hicho kililegezwa mwaka uliofuata. Oktoba, wakulima wa korosho wakakataa bei za mnadani. Novemba, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaenda kubeba mzigo. Ripota wetu kijana alirudi kutoka Newala na picha za daftari la mama mmoja: mistari ya penseli, jina la aliyekopesha, mwezi, idadi ya mabakuli. Bei mpya ilikuwa imetangazwa, lakini sehemu ya mzigo wake ilikuwa imeshakwenda kwa kangomba tangu Februari.

“Dada, hizi ni takwimu?” akaniuliza, akimaanisha zile za kwenye sheria.

Tulikaa na mwanasheria hadi saa nne usiku. Tukaichapa kama deni la mtu mmoja, kwa ruhusa yake, bila jina lake, na neno kangomba likakaa kwenye kichwa cha habari bila maelezo. Kijana akaikata, akaibandika kwenye karatasi nyeupe, akaitia kwenye bahasha ya kaki tayari kwa majaji.

Kabla hajaipeleka alirudi Newala na nakala ya gazeti, akamsomea yule mama chini ya mkorosho. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba asomewe tena mahali penye mabakuli. Akaingia ndani, akatoka na daftari.

“Mmeandika sita,” akasema. “Ni manane. Mawili yako ukurasa wa nyuma.”

Kijana alinipigia simu akiwa bado amesimama pale. Marekebisho tuliyachapa Jumatano, ukurasa wa pili, na nakala yake tukaitia kwenye bahasha ileile.