Nilifunika Kabla ya Kupima

Ndugu msomaji, mimi ni karani wa parokia, na kosa nitakalokusimulia ni langu mwenyewe.

Padre wetu mzee alikuwa hawezi tena kuinua ndoo ya maji. Wakristo wakachanga, tukamjengea bafu lenye bomba la mvua, na maji ya moto yatoke kwenye tangi la jua juu ya paa. Fundi akaleta koki ya kuchanganyia maji, ya namna ile inayofichwa ukutani, ambayo nje huonekana mkono wake na kibati tu.

Kijana yule alijua kazi. Alichimba ukuta kwa patasi, akaisimamisha koki kwa pima maji, bomba la moto kushoto, la baridi kulia. Akanionyesha alama mbili kwenye kifuniko cha plastiki: uso wa vigae hauna budi kuangukia kati yake. Koki ikizama mno, mkono haushiki; ikitokeza mno, kibati hakilali ukutani. Kisha akafungulia maji yatoe mchanga uliomo, akaziba ncha, akasema: "Mwalimu, tuyaache yasukume hata kesho. Tukiona pakavu, ndipo tupige lipu." Huniita hivyo kwa sababu nilisomea ualimu.

Lakini Jumapili ile Askofu alikuwa aje kwa Kipaimara, na fundi wa vigae alilipwa kwa siku. Nikamwambia, "Wewe funika tu." Akanitazama, akatii.

Baada ya miezi miwili nikafungua kabati la ofisi, lililoegemea ukuta uleule kwa upande wa pili. Daftari la ubatizo la 1964 lilikuwa limelowa, wino umetapakaa. Katika kikao cha halmashauri watu wakamlaumu fundi, nami nikanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nikamweleza Paroko ukweli, nikaenda nyumbani kwa fundi kumwomba radhi, na kikao kilichofuata nikasema mbele ya wote.

Tulivunja vigae sita. Kiungo kimoja kilikuwa kikidondosha tone moja moja. Maji ya usiku mmoja yangalikifichua. Safari hii tuliyaacha siku nzima. Tena nilipima kwa rula mahali mabomba yanapopita, nikaandika, ili atakayepigilia msumari baadaye asiyatoboe.

Ndugu msomaji, chuoni nilifundishwa kwamba mtihani hutangulia cheti. Na bomba la ukutani lina mtihani wake, nao ni kabla ya lipu. Ukijenga bafu, mpe fundi usiku huo mmoja, hata mgeni awe njiani.

Majina ya daftari lile nimeyanakili upya. Manne hayasomeki, nami kila Jumapili baada ya Misa nawauliza wazee.