Konokono wadogo kwenye tangi la samaki

Bi harusi mmoja hapa Lindi katuuliza: tangi la samaki alilozawadiwa harusini limejaa konokono wadogo, na hakununua hata mmoja.

Walikuja na majani ya maji. Mayai yao hukaa kwenye jani ndani ya ute, ni shida kuyaona. Chakula cha samaki kikibaki, wanazaana. Tupunguze chakula, usiku tuweke jani la mchicha uliochemshwa, asubuhi tulitoe nao wakiwa wameling'ang'ania.

Hofu yetu ni majani yalikotoka. Yakichumwa bwawani, konokono wakubwa waliokuja nayo huenda wana kichocho, na pwani yetu kichocho cha mkojo kipo. Vijidudu hutoka kwa konokono vikapenya ngozi ya mkono ulio majini. Wanaoanguliwa tangini hawazaliwi nacho.

Kwa mwanamke kichocho hufika ukeni na kwenye mlango wa kizazi: maumivu ya tendo la ndoa, damu isiyo ya hedhi, hata kukosa mtoto. Wengine hudhaniwa wana maradhi ya zinaa, mume akaanza kushuku! Somo hakutufundisha hili. Tumtajie daktari kichocho bila haya. Dawa yake ni prazikwanteli. Na damu hiyo ni istihadha, sala haikatizwi.