Deni la Shela

Sisi tuandikao haya ni watu wawili, mume na mke, na kalamu ni moja. Patakapolazimu kumtenga mmoja wetu na mwenzake tutasema "bwana", na tutasema "bibi", kana kwamba twawasema watu wengine. Msomaji atusamehe, maana hatukuona njia nyingine. Kila neno lililomo humu limesomwa na wote wawili. Na maneno mawili matatu bibi aliyafuta, bwana akayarudisha, bibi akayafuta tena.

Mwezi wa Shaabani 1445, yaani Februari 2024, tulikwenda kupumzika siku kumi katika kisiwa cha Bonaire, kilichoko bahari ya Karibi, yapata kilomita 80 kaskazini ya pwani ya Venezuela. Jamaa zetu walipopata khabari walistaajabu. Watu wa Lamu, waliozaliwa na bahari mlangoni, wavuke nusu ya dunia kwenda kutazama bahari! Walisema kwa mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa wa haki. Basi haya ndiyo majibu yetu kwao.

Tulioana Lamu mwaka 1992. Mwaka uliofuata, siku ya pili ya Idi, tulikwenda Shela pamoja na dada zake bwana, tukachukua chakula na mikeka. Maji yalikuwa yametulia. Bibi akakunja buibui lake kidogo, akaingia mpaka magotini, akageuka akasema, "Bwana, wewe mtoto wa mvuvi. Nifundishe kuogelea." Bwana akamjibu, na mawifi wote wanasikia, "Toka majini. Bahari si ya wanawake." Bibi akatoka. Mawifi walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, na chakula kikapakuliwa. Tangu siku hiyo bibi hakuuliza tena, na bwana alisahau kabisa kwamba aliwahi kuulizwa.

Mwaka 1999 tulihamia Uholanzi, tukakaa Rotterdam, tukalea watoto. Mwaka 2022 bwana akapatikana na maradhi ya moyo, ikawa hapana budi apasuliwe kifua. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimtaka mkewe radhi, kama ilivyo desturi yetu mtu akabilipo jambo ambalo huenda asirudi. Bibi akasema, "Nimekuradhi, duniani na akhera." Akanyamaza kitambo, kisha akaongeza, "Illa Shela."

Wauguzi wakaja, wakamtaka bibi aende zake, saa za kuzuru zimekwisha. Bwana akabaki na neno lile. Hakulielewa. Akalipindua huku na huku, akawaza viwanja, akawaza fedha, akawaza maneno ya watu. Karibu na alfajiri ndipo aliyaona yale magoti ndani ya maji. Wallahi, asema yeye, kisu cha daktari hakikumtisha kama lile.

Bwana ataka iandikwe wazi, na bibi ameridhia, kwamba siku ile ya Shela hakukataza kwa ajili ya sharia. Hakuwa amemuuliza mwanachuoni yeyote, wala hakuwa na aya wala hadithi mkononi. Bibi alikuwa amejisitiri kuliko wanaume waliokuwako pwani. Alichokiogopa bwana ni midomo ya dada zake, na ya vijana wachache waliokuwa wakitengeneza tanga pale kando. Ni khofu ya watu tu, naye akaivika kilemba cha dini.

Mwenyezi Mungu alimjaalia kupona. Daktari alipomruhusu kusafiri alimwekea sharti moja: asiingie maji ya baridi. Bahari ya Uholanzi ikatoka hapo hapo. Bwana akasema, "Basi twende Lamu." Bibi akakataa. "Nina miaka hamsini na miwili," akasema. "Nataka kujifunzia mahali ambapo hapana anijuaye, nimeze maji na kukohoa bila ya kutazamwa. Lamu nitakwenda nikishajua." Watoto wakatukusanyia nauli. Bonaire ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, na ndege huenda moja kwa moja kutoka Amsterdam, safari ya zaidi ya saa tisa. Na maji yake mwaka mzima hayapungui sana nyuzi 26. Ndiyo sababu hasa, wala hatukukichagua kwa uzuri wa picha.

Kisiwa ni kikavu, kimejaa miiba na miti ya mpungate mirefu kama nguzo, na mbuzi, na punda. Punda hao waliletwa zamani kubeba mizigo, kisha kazi ikaisha wakaachwa, nao wakazaana porini. Siku ya kwanza mmoja alisimama katikati ya njia akakataa kuondoka, na bibi akacheka mpaka machozi, akasema, "Huyu wa kwetu." Chakula nacho kilitufanya tujihisi wenyeji: samaki wa kukaanga, na pembeni yake kile wakiitacho funchi, ambacho ni sima ya mahindi wala si kitu kingine. Lugha yao, Papiamentu, ina maneno mengi yenye asili ya Kireno. Na tuliposikia wakiita meza "mesa" tulijua kwamba Mreno yule aliyetuachia sisi neno hilo alipita na huku.

Kuhusu Sala hatukupata taabu. Mchana na usiku kule hukaribia kulingana, kama kwetu, na Maghribi iliingia karibu na saa kumi na mbili unusu; raha kubwa kwa mtu aliyezoea kungoja Isha ya kiangazi cha Rotterdam mpaka karibu na usiku wa manane. Kibla chao kiko kati ya mashariki na kaskazini mashariki, na upepo wa kule hutoka mashariki bila ya kukatika. Tulisali barazani upepo ukitupiga shavuni, na mara mbili ulipeperusha msala kabla hatujafunga Sala.

Wasomaji wanawake bila shaka wataka kujua habari ya mavazi. Bibi alivaa nguo ya kuogelea ya kumfunika mwili wote na kichwa. Alikwenda na wasiwasi, akidhani atakuwa kioja. Kumbe wengi waendao kutazama samaki kule hujifunika mikono na miguu kwa khofu ya jua, kwa kuwa mtu aelea kifudifudi saa nzima na mgongo waungua asijue. Hata dawa za kujipaka zilizo na kemikali mbili zidhuruzo matumbawe zilipigwa marufuku kuuzwa kisiwani tangu 2021. Hapana aliyetugeuzia shingo. Nasi tulikwenda mapema, baada ya Alfajiri jua likianza kupanda, pwani haina mtu.

Tulimpata mwalimu mwanamke, mwenyeji wa kule. Vifaa ni vitatu: miwani ya kuzibia macho na pua, mrija wa kuvutia pumzi, na viatu vya mapezi. Akamweka bibi katika maji ya kiunoni, akamwambia ainamishe uso tu, asiogelee. Bibi aliinamisha uso. Akakaa hivyo, mgongo umetulia, mrija umesimama, tukahesabu pumzi zake. Alipoinua kichwa hakusema neno, akakirudisha tena majini.

Na bwana je? Bwana, mtoto wa mvuvi, aliyejua upepo na nyota na kukokota jarife tangu ana miaka minane, alitia uso majini akavuta pumzi kwa mrija, na kifua chake kikakataa. Alisimama akitweta, akaupiga mrija mbali. Maisha yake yote bahari alikuwa ameijua kwa juu. Chini yake alikuwa anapajua kwa kile kilichopanda na wavu, kimekufa. Akajaribu mara ya pili, na ya tatu. Mwalimu akasema pengine leo basi. Bibi akamwendea, akamshika mkono, akamwambia maneno ambayo ameyafuta humu mara mbili, kisha wakainamisha nyuso pamoja.

Hakumwachia mkono siku tatu. Hivyo ndivyo tulivyoogelea: bibi mbele, bwana nusu mwili nyuma, kama dau na mtumbwi wake. Bwana asema alikumbuka pale majini kisa alichokisoma chuoni: Mtume wetu, s.a.w., alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, Bibi Aisha akashinda. Na baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, walishindana tena, akashinda Mtume, akacheka, akamwambia kuwa hii ni badala ya ile. Bwana alikihifadhi kisa hicho angali mtoto, na siku ya Shela hakikumpitia kichwani hata kidogo.

Sasa tuwaambie tulichokiona. Kusini-magharibi ya kisiwa, upande usiopigwa na mawimbi, mwamba huanza hatua chache tu kutoka nchi kavu, kisha huteremka ghafula kwenye buluu isiyo na mwisho. Hapo juu ya ukingo wamo samaki wa kila rangi: kangaja wa buluu wakienda makundi kama watoto watokao chuoni, mikunga wametoa vichwa mashimoni, bunju na macho yake ya mshangao. Na pono! Msomaji ajua kwamba mtu mvivu wa kuamka huambiwa alala kama pono, na bibi amemwambia bwana hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tuliwaona pono mchana, na hatujaona samaki mwenye bidii kama yeye. Hukwaruza mwamba kwa meno yake kutwa, akila mwani umeao juu yake, na ukinyamaza wamsikia: karr, karr. Mawe ayamezayo huyatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Ni yeye asafishaye mwamba ili matumbawe yapate kukaa. Na kwa ajili hiyo kumvua kumekatazwa kule tangu 2010. Bwana akatoa kichwa majini akasema, "Umesikia? Tangu leo ukiniita pono ni sifa."

Watu wa Bonaire walianza mambo haya mapema. Kupiga samaki kwa mishale ya chini ya maji walikukataza mwaka 1971, na mwaka 1979 wakaifanya bahari yote inayokizunguka kisiwa, mpaka kina cha mita 60, kuwa hifadhi. Mgeni hulipa ada, na huambiwa asiguse kitu, wala asivae glavu, kwa sababu aliyevaa glavu hushikashika. Lakini hata hivyo hawakusalimika. Mwaka 2023 yaligunduliwa kule maradhi ya matumbawe ambayo huula ule mwili laini wa juu, ikabaki mifupa mitupu. Tuliliona tumbawe moja kubwa lenye mikunjo kama ubongo, nusu yake hudhurungi na hai, nusu nyeupe kama chokaa. Matumbawe ya namna hiyo hukua milimita chache kwa mwaka. Lile lilikuwako kabla ya babu zetu. Kila tulipotoka majini tulitakiwa kutia miwani na mapezi katika maji ya dawa, tusije tukayabeba maradhi kutoka mahali mpaka mahali.

Siku ya sita tulivuka kwenda Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisichokaa mtu, na huko ng'amba alipita chini yetu, akadonoa sifongo, akatutazama, akaendelea. Lamu wazee wetu walimjua kwa gamba lake tu, lililouzwa kwa bei. Siku ya saba tulipumzika, tukaenda kusini kwenye mashamba ya chumvi, ambako maji ni ya rangi ya waridi na heroe husimama kwa mguu mmoja. Ufukweni viko vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa watumwa waliovuna chumvi hiyo. Mlango wake ni mfupi, mtu mzima hana budi kuinama sana ili aingie. Waholanzi waliuondoa utumwa katika makoloni yao ya huku tarehe 1 Julai 1863, na mfalme wao akaomba msamaha tarehe hiyo hiyo mwaka 2023. Tuliinama tukaingia, tukatoka. Hatukusema mengi juu ya Waholanzi, maana soko la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Nyumba za mawe za mji wetu tunazojivunia, nani alichoma chokaa yake?

Asubuhi ya mwisho bibi aliomba aachwe aende peke yake. Bwana akakaa juu ya jiwe na taulo. Aliuona mrija ukienda, ukigeuka, ukisimama mahali, ukienda tena, na upepo ukileta chumvi machoni. Alimngoja nusu saa nzima. Bibi alipotoka, maji yakimchirizika, alikaa kando yake akajifuta uso, akasema, "Sasa nimekuradhi na Shela." Bwana hakuweza kujibu, na ya zaidi ya hapo bibi ameyafuta.

Tiketi za Lamu tumekwisha kata, za Desemba, kaskazi ikitulia. Tuliwapigia jamaa simu kuwaambia, na katika wale mawifi watatu wawili wangali hai. Mkubwa wao, mwenye miaka sabini na moja, alisikiliza khabari yote ya pono na ng'amba asiseme kitu. Kisha akamwambia bwana, "Nipe mkeo." Na bibi aliposhika simu, wifi akamuuliza kwa sauti ya chini kama hiyo miwani huuzwa kwa saizi, au moja humwingia kila mtu.