Moto Tuliouwasha Wenyewe

Mvua za mwisho wa 2019 ndizo zilizotuletea moto wa Agosti 2020. Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mvua ikanyesha hata makorongo tuliyozoea kuvuka kwa miguu mikavu yakawa hayavukiki. Masika yaliyofuata nayo hayakuwa haba. Ng'ombe wa ranchi za Rombo na Kuku walikula wakashiba wakaacha nyasi zimesimama, jambo ambalo mfugaji wa Kajiado Kusini halioni kila mwaka. Watu walishukuru. Wazee wachache walishukuru huku wakitazama upande wa Tsavo Magharibi, maana nyasi ambazo hazijaliwa kufikia Juni, Agosti huwa ni kuni.

Asiyeijua Illasit yetu aelewe kwanza jinsi ardhi ilivyolala. Mji uko mpakani, chini ya Kilimanjaro, na Tarakea ya Tanzania iko ng'ambo tu. Upande wa mlima ni mashamba ya nyanya, vitunguu na maharagwe. Upande wa mashariki ardhi inashuka, mifereji inaisha, migunga inaanza, na ukizidi kwenda unafika mpaka wa hifadhi ya Tsavo Magharibi. Barabara ya kwenda Njukini hadi Taveta imepita katikati ya hayo mawili. Gari la zimamoto si kitu cha kutegemea. Mji wa Emali peke yake uko kama kilomita 100, na hata gari likifika lingekwama kwenye mawe ya volkano kabla ya kuona moshi.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa korona. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, kwa hiyo mimi mwalimu nilikuwa nyumbani nikisaidia shambani, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakichunga. Mpaka na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Mei isipokuwa kwa malori ya mizigo. Kafyu ilikuwa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Nayataja haya kwa sababu kila moja lilikuja kuingia katika habari ya moto.

Agosti hiyo Tsavo Magharibi ilikuwa ikiungua sehemu mbalimbali na redio zilitangaza. Wetu tuliuona kama saa sita mchana, moshi wa kahawia ukiwa umeinama kuelekea kwetu, jambo lililotuonyesha upepo unaenda wapi. Wengine walisema ni warina asali, wengine wachungaji waliotaka majani mapya, wengine sigara. Mabishano hayo yaliendelea kwa wiki nyingi na sikuona yakimfaa mtu yeyote.

Vijana walikimbia moja kwa moja mbele ya moto na matawi mikononi. Ni ujasiri, na ungewaua. Moto wa nyasi ndefu ukisukumwa na upepo wa mchana, ndimi zake zinampita mtu urefu, na joto lake linamfikia kabla tawi halijagusa kitu. Mzee mmoja wa huku Rombo, aliyewahi kupambana na mioto mingi kabla ya sisi kuzaliwa, aliwapigia kelele warudi. "Huyu hapigwi kichwani," aliwaambia. "Mwacheni apite. Tutamshika mbavu."

Mbavu za moto ni ile mistari miwili ya pembeni, ambako unatambaa polepole na ndimi zake ni fupi. Unaanzia nyuma, kwenye mkia, umesimama juu ya majivu ambayo hayawezi kuungua mara ya pili, unapiga ukienda mbele, na mwenzako anakufuata kuzima unachokiacha. Hupigi kwa kurusha tawi juu, maana cheche zitaruka upande wa nyasi nzima. Unalaza tawi na kulikandamiza, hewa ikatike. Tawi lenyewe linachaguliwa: leleshwa halifai, linashika moto hata likiwa bichi. Gunia lililoloweshwa ni bora kuliko tawi lolote, ila linataka maji.

Maji yaliletwa na bodaboda. Kila pikipiki ilibeba mitungi miwili ya lita 20 kutoka mferejini, na wakulima wakatoa pampu za mgongoni, zile za kupulizia nyanya dawa, zikaoshwa na kujazwa maji matupu. Sijawahi kuona wakulima na wafugaji wa Illasit wakifanya kazi kwa upole ule. Katika miaka ya kawaida wanakutana kwa chifu kwenye kesi za ng'ombe kuingia vitunguuni. Siku ile mwenye vitunguu alikuwa akimwagia maji kichwani mwenye ng'ombe. Akina mama ndio walioratibu, wakijua pampu ipi imeisha na nani hajanywa kitu tangu asubuhi. Maskauti wa jamii na askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) walifika alasiri wakiwa na redio za mawasiliano, na redio hizo zilitufaa kuliko kitu kingine walichobeba, kwa sababu mtu aliye ndani ya moshi hajui moto umefika wapi.

Jioni ikawa wazi kwamba ubavu mmoja tumeushika na mwingine umetushinda. Chamchela kilikuwa kimenyanyua vinyesi vya ng'ombe vinavyowaka na kuvitupa ng'ambo ya korongo tulilolitegemea. Moto ulikuwa unakuja barabarani kwa upana ambao watu wetu wote wakishikana mikono wasingeufunika. Ukivuka barabara utaingia nyasi za akiba, kisha maboma, kisha mashamba.

Wazee, chifu na maskauti walikaa kando ya barabara. Trekta ya mkulima mmoja, yenye jembe la diski, ingeweza kugeuza udongo kutoka barabarani hadi penye mawe, na hapo mstari ungeshika. Upande mwingine trekta isingepita. Hapo njia ilikuwa moja: tuwashe moto wetu kutoka barabarani, urudi nyuma kuukabili ule mkubwa, ukutane nao mahali pasipobaki kitu cha kuchoma. Nyasi zilizokuwa mahali hapo zilikuwa olopololi ya mzee mmoja, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Alikuwa ameyalinda tangu mvua ziishe, akiwafukuza hata mbuzi wake mwenyewe.

Kwa siku nyingi nimefikiria nusu saa ile. Tunapozungumza juu ya kuzima moto tunawasifu wanaopiga matawi, nao wanastahili. Lakini moto mkubwa wa malisho hauzimwi kwa kupiga. Unazimwa na watu wanaokubaliana watapoteza nini, kabla moto haujawaamulia. Uamuzi huo ni mgumu kwa sababu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na ndivyo inavyozidi kuwa kadiri ranchi za vikundi za Kajiado zinavyogawanywa na kila familia kupewa hati yake. Zamani ilitosha wazee kusema. Siku ile mtu mmoja aliombwa achomewe mali yake ili ya wengine ipone, na hakuna sheria niliyoijua ambayo ingemlazimisha.

Hakuna aliyempigia kelele. Wa rika lake ndiye aliyezungumza naye, kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Alichouliza yeye ni kitu kimoja: ndama watakula wapi. Jirani wa upande wa juu akasema, "Kwangu." Akalirudia neno hilo mbele ya chifu na mbele ya vijana wote, ili liwe na mashahidi. Mzee akachukua kijinga akawasha nyasi zake mwenyewe, kwa mkono wake. Hakutaka mtu mwingine afanye.

Kabla hajawasha tulingoja giza kwanza. Usiku upepo hupungua na nyasi hunyonya unyevu, moto ukalegea. Chifu alipiga simu kituo cha polisi kuhusu kafyu, akaambiwa tuendelee ila majina yaandikwe. Wanafunzi wangu ndio walioandika, kwenye daftari la hesabu. Nje ya daftari kulikuwa na vijana wachache waliokuja kutoka ng'ambo walipoona mwanga. Mpaka ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyewauliza kitambulisho.

Moto wetu ulianza kwa uvivu, ukirudi nyuma dhidi ya upepo. Ule mkubwa ulipokaribia, ukaanza kuvuta hewa kuelekea kwake, na moto wetu mdogo ukasimama wima, ukainama upande wa pili, kisha ukaondoka mbio kwenda kuupokea. Mngurumo wake ulitikisa kifua. Halafu ikabaki harufu na watu wanakohoa.

Wengi walidhani kazi imekwisha, lakini iliyobaki ilichukua siku kadhaa, nayo ndiyo ninayowasisitizia vijana kila Juni. Mavi ya tembo yakikauka hushikilia moto ndani bila kutoa moshi unaoonekana. Mgunga uliooza ndani huungua juu mpaka tawi lianguke upande usioungua. Mtu lazima apite mstari wote, aguse visiki kwa mgongo wa mkono, afukue, amwage maji. Ni kazi isiyo na sifa, na maskauti waliifanya baada ya sisi kurudi kulala.

Oktoba 11 mwaka uleule mlima wenyewe uliwaka, kuanzia Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kupambana nao, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Tuliposikia redioni jinsi walivyofyeka na kupiga mstari kwa mstari, vijana wetu walielewa kila neno.

Kisha mvua zikakata. Kuanzia mwisho wa 2020 zilishindwa msimu baada ya msimu, mitano mfululizo, na malisho yaliyoungua Agosti yakawa ndiyo yale ambayo watu wangeyahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo lile neno la barabarani lilipopimwa, kwa sababu ni rahisi kuahidi nyasi usiku wa moto na vigumu kuzitoa wakati zako zinahesabika. Ndama wa mzee waliingia kwa jirani bila kuzuiwa, wakachunga pamoja na wa mwenye boma, mpaka nyasi za huko nazo zikaisha. Kisha familia zote mbili zikahamisha mifugo pamoja kuelekea vilima vya Chyulu.