Mbegu Isiyokufa Motoni

Leo naungama kosa langu mbele yenu.

Huku Lushebere, katika vilima vya Masisi, ng'ombe ndio mali yetu. Jioni moja tulichemsha maziwa mpaka yakapanda, tukayafunika, tukayaacha kando ya meko yasipoe. Asubuhi mjukuu wangu alikunywa, akatapika kutwa. Kwa hasira nilikwenda kwa jirani aliyetuuzia, nikamshtaki mbele ya watu kwamba maziwa yake ni machafu. Hakunijibu neno.

Baadaye fundi mmoja wa jibini alinifundisha. Katika udongo na mavi ya ng'ombe wamo bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao wakikosa chakula hujifungia katika ganda gumu kama mbegu. Hiyo ndiyo spora. Kuchemsha huua bakteria walio macho, lakini spora nyingi husalia. Tena huku milimani maji hutokota kabla ya digrii 100, kwani kila upandapo mita 300 hivi hupungua digrii moja. Maziwa yakikaa vuguvugu, spora huota, na bakteria huongezeka usiku kucha. Wengine huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena.

Mwaka 1877 mtaalamu John Tyndall, huko London, alionyesha njia ya kuzishinda. Alichemsha, akangoja spora ziote, akachemsha tena, na tena. Spora ikilala hustahimili moto. Ikiisha kuota hufa upesi.

Jibini nalo lina adui wa namna hiyo: spora zikiota ndani yake, baada ya majuma huvimba na kupasuka. Kwa hiyo usafi huanza kwenye chuchu za ng'ombe, kabla ya kukamua.

Basi, akina mama na akina baba, osheni chuchu, mikono na vyombo. Maziwa yakiisha kuchemka, yanyweni yangali moto, au tieni sufuria katika maji baridi yapoe upesi. Msiyalaze kando ya meko.

Nami je? Maziwa yale yaliharibikia nyumbani kwangu, yamkini, wala si kwa jirani. Jumapili, baada ya Misa, nilimwomba msamaha mbele ya wale wale walionisikia. Alinipa mkono. Neno la uonevu nalo hulala moyoni mwa mtu kama spora. Afadhali kuliondoa kabla halijaota.